Usiiguse karatasi ya mwanafunzi wako

Hapana, mwalimu mwenzangu, simama hapo hapo. Umeeleza kwamba wiki ijayo unaanza kufundisha sanaa kidato cha kwanza huko Mbale, Uganda, ukauliza jinsi ya kupanga madawati, mahali pa kupata rangi za bei nafuu na namna ya kuwafanya wanafunzi wasikuogope. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, ukaongeza kuwa utapita kati yao na penseli ukiwarekebishia michoro wasije wakakata tamaa. Penseli hiyo ndiyo iliyonigharimu mwaka mzima.

Nilianza kazi Jinja na wanafunzi 72 katika chumba kimoja. Niliwaambia wamchore mtu wa nyumbani akiwa kazini. Msichana mmoja mkimya alimchora bibi yake akisuka mkeka, na mikono ya bibi ilikuwa mikubwa kuliko kichwa chake. Nilichukua raba, nikaifuta, nikamchorea mikono mingine yenye vipimo sahihi, nikarudi mezani nikijiona mfadhili. Akasema ahsante. Wiki iliyofuata karatasi yake ilikuwa nyeupe, ya jirani yake nayo vivyo hivyo, na kufikia katikati ya muhula palikuwa na foleni mezani pangu: "Mwalimu, nianzishie tu." Nami nilidhani wananipenda! Siku ya wazazi nilitundika kazi zote ukutani. Mzee mmoja akazunguka chumba kizima mikono ikiwa nyuma, kisha akaniuliza kwa adabu mchoraji mwenyewe ni yupi. Nilicheka kuliko wote, maana ningefanya nini?

Msichana yule aliliacha somo ulipofika wakati wa kuchagua masomo. Nilipomuuliza kuhusu mchoro ule, alijibu kwamba siku ile alikuwa ameitazama mikono tu, kichwa hakukitazama.

Aliyenipoteza ni mkufunzi wetu wa chuo, aliyerudia kila Jumatatu kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kuuona mkono wa mwalimu, ilhali sisi mbele yake tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na meza yake. Auone, sawa, lakini kwenye karatasi ya mwalimu. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, wakachora walichokiona kichwani mwao. Habari hiyo niliisoma nikiwa nimekwisha kuharibu.

Kwa hiyo mkono wako usiiguse karatasi yake hata kwa nukta moja. Akikwama, chora kwenye kipande chako cha karatasi, kisha kichane mbele yake asije akakinakili, au mwambie autazame mkono wa jirani yake na akueleze kidole kipi ni kirefu. Tena, katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, kazi za darasani huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho, na mimi kwa raba yangu ningekuwa nikijisahihishia mwenyewe.

Madawati yapange utakavyo, mradi usilazimike kuinama juu ya bega la mtu, kwa kuwa ukishainama penseli hujitoa yenyewe mfukoni. Siku hizi mimi hutembea darasani mikono yote miwili ikiwa mfukoni. Wanafunzi wamenipa jina kwa sababu hiyo, nalo sitalitaja hapa.