Dumu likiganda Mafinga: namna ya kuagiza mafuta ya kula Nyanda za Juu Kusini

Wiki hii msomaji mwenye duka la jumla Mafinga ameandika kwa uchungu. Madumu aliyoshusha mwishoni mwa Mei yamekuwa meupe nusu, wateja wanayarudisha wakisema yamechakachuliwa, na msambazaji wake Dar anaapa kuwa mzigo ni uleule anaouza Kariakoo. Dada yangu, msambazaji wako hajakudanganya. Swali hili huja kila baridi inapoanza, toka Makambako hadi Uyole, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Mafuta mengi ya bei nafuu tunayouza huku ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Yakishasafishwa hupozwa na kuchujwa ili kutenga sehemu mbili: stearini, inayoganda upesi, na oleini, inayobaki majimaji. Dumu lako ni oleini. Sasa oleini ina madaraja, na daraja hutajwa kwa nyuzi ambazo mafuta huanza kuingia ukungu. Ya kawaida huuzwa kwa kipimo kisichozidi nyuzi 10 za Selsiasi. Iliyochujwa mara mbili hushuka mpaka 6 hivi.

Hiyo 10 isikudanganye. Kipimo cha maabara ni cha muda mfupi, mafuta hupozwa huku yakikorogwa mpaka ukungu wa kwanza uonekane. Stoo haifanyi hivyo. Oleini ya kawaida ikitulia siku kadhaa kwenye nyuzi 15 hujenga chembe, na usiku wa Juni na Julai Mafinga, Njombe na Makete hushuka hata chini ya 10. Dar haifiki huko, ndiyo maana msambazaji hajawahi kuliona tatizo lako.

Mzigo wa kuuza Mei hadi Agosti agiza daraja la 6, na uandike hivyo kwenye oda. Kuanzia Septemba rudi kwenye 10, bei yake ni nafuu zaidi. Omba cheti cha uchambuzi cha bechi hiyo: asidi huru (dalili ya mafuta kuharibika) isizidi asilimia 0.1, maji na uchafu navyo visizidi 0.1, namba ya iodini (ikiwa kubwa, mafuta hayagandi upesi) 56 au zaidi kwa oleini ya kawaida. Iliyochujwa mara mbili huanzia 60 hivi. Ukiambiwa ni daraja la 6 na karatasi inasoma iodini 57, umeuziwa ya kawaida. Na hata ya 6 ikilala Makete wiki nyingi itaganda, kwa hiyo miezi hiyo chukua mzigo wa kuisha haraka.

Lililokwisha kuganda usilimimine juujuu. Ukifanya hivyo, wateja wa asubuhi wanapata mafuta majimaji ya juu na wa jioni wanapata uji mzito wa chini, na hao wa jioni ndio watakaokuchafulia jina. Weka dumu zima ndani ya pipa la maji ya nyuzi 50 hivi, mkono unayavumilia kwa shida, mpaka chembe zote ziishe hata kwenye pembe za chini. Litikise, ndipo upime. Moto wa moja kwa moja huunguza mafuta upande mmoja na kulainisha plastiki.

Kuna na malalamiko ya "dumu halijai". Mafuta hunywea yakipoa, takriban asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja. Lita 20 zilizojazwa Dar kwenye nyuzi 30 zikifika Mafinga kwenye 12 zinasoma kama lita 19.75. Robo lita imepotea na hakuna mwizi. Nunua kwa kilo: lita 20 za oleini ni takriban kilo 18, bila uzito wa dumu. Likipungua hapo, piga simu.

Wapo wanaochanganya oleini na alizeti ya Iringa au Singida ili isigande. Kuchanganya si kosa, kosa ni kubandika lebo ya alizeti. Mama anayelipa bei ya alizeti ana haki ya kupata alizeti, na baridi ya huku itakuumbua. Alizeti isiyoondolewa nta huweka ukungu mwembamba tu, ila iliyotiwa oleini hujenga chembe nyeupe nene chini ya chupa.

Kuhusu bei, wanaosubiri irudi kama zamani wanasubiri bure. Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na Indonesia inazidi kuyachoma kwenye dizeli: mchanganyiko wa asilimia 35 mwaka 2023, asilimia 40 mwaka 2025. Aprili 2022 ilizuia kabisa kusafirisha nje kwa wiki kadhaa. Fuatilia mambo mawili: bei ya mawese kwenye soko la Kuala Lumpur, Malaysia, na ushuru wa kuingiza mafuta India, mnunuzi mkubwa kuliko wote, inayojaza maghala kabla ya sikukuu ya Diwali. Uzalishaji wa Malaysia huwa mkubwa Septemba na Oktoba, mdogo Januari na Februari. Tani moja ni kama madumu 55 ya lita 20, kwa hiyo kila dola 100 kwenye tani ni karibu dola 1.80 kwenye dumu, kabla ya kodi.

Watengeneza sabuni wa Mbeya wameumia zaidi. Mafuta ya nazi yalipita dola 2,000 kwa tani mwaka 2025, na wengi wamehamia mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) au mawese bila kubadili vipimo. Kilo moja ya nazi hula gramu 183 za kostiki soda, mise 176, mawese 142. Ukiweka mawese kwa kipimo cha nazi, sabuni inachubua ngozi.

Mwisho, ukipewa mafuta ya bei ya ajabu njia ya Tunduma au Kasumulu, uliza risiti ya EFD (mashine ya kodi) na alama ya TBS (Shirika la Viwango). Mzigo wa transiti wa Zambia au Malawi unaoshushwa njiani haujalipiwa ushuru, na ukikamatwa nao, kosa ni lako. Ushuru wenyewe hubadilika kwenye bajeti ya Juni na kuanza kutumika Julai mosi, kwa hiyo usifunge oda kubwa kabla hujaisoma.