Kiti si cha Mwarabu: nilivyolijua neno hili karakanani Tabora

Mkuu umeuliza mawili: kama "kiti" ni neno la Kiarabu, na imekuwaje nguruwe akaitwa kitimoto. La kwanza ni hapana. Mwarabu anasema kursi, ndiyo hiyo unayoisikia kwenye Ayatul Kursi, na sisi hatukuichukua. Meza ndiyo tuliitoa kwa Mreno, kabati kwa Mwingereza. Kiti ni cha Kibantu, ndugu wa damu na mti.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu ila useremala nimejifunzia hapa Tabora. Mwaka wangu wa kwanza karakanani fundi wangu, Mnyamwezi mtu mzima, alichonga kigoda cha kumpelekea mkwewe. Hakugusa mbao wala msumari. Alisimamisha gogo la mninga linalofika gotini, akalila kwa tezo kidogo kidogo kiunoni, mpaka chini ikabaki miguu mitatu na juu sahani ya kukalia. Akaniuliza, "We kijana, kuna kiungo hapo?" Nikamwambia hakuna, mzee. "Basi huo ni mti bado, ila sasa ni ki-ti."

Nilidhani ananitania. Lakini angalia: mti mdogo tunauita kijiti, na mtu mdogo kijitu. Kwa nini tunaongeza hiyo "ji"? Kwa sababu kiti na kitu vilishapata kazi nyingine! Si kila Mbantu alipita njia hiyo, lakini. Kwetu tunapakana na Burundi, na Mrundi anasema intebe. Mganda anasema entebe, na ndiyo jina la ule mji wenye uwanja wa ndege, Entebbe.

Maana nazo zimezaana. Anayekalia kiti ndiye mwenye neno, kwa hiyo kiti kikawa cheo. Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, walikutana hapahapa Tabora kubishania kura tatu, yaani kila mpigakura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa viti vya Baraza la Kutunga Sheria. Mwalimu Nyerere akawashawishi wakubali kuingia kwenye uchaguzi ule. Hakuna aliyekuwa anagombea samani. Leo tuna viti maalum bungeni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho ni uprofesa, usiende kutafuta pa kukaa. Na tafadhali wingi wa mwenyekiti ni wenyeviti. "Wenyekiti" ni watu wengi wanaogombania kimoja, ingawa kwa mtaa wetu ilivyo huenda ndiyo sahihi.

Kwenye ngoma za pepo, anayepandwa naye huitwa kiti, maana pepo amemkalia.

Halafu kuna wanaosema fulani "amekalia kiti kavu". Hapana jamani. Ni kuti kavu, lile jani la mnazi, likikauka linakatika na wewe. Huku kwetu bara minazi ni ya kuhesabu, ndiyo maana sikio linakimbilia kiti. Sarufi yenyewe inakukamata: ingekuwa kiti ungesema kikavu.

Sasa kitimoto. Nilivyosimuliwa kijiweni, mlaji wa nguruwe alikuwa anakaa roho juu, macho mlangoni asije akatokea shemeji, kiti kikawa kama kina moto. Siwezi kuiapia hadithi hiyo, ila wanaomwita nguruwe "mbuzi katoliki" wana utani wa ukoo huohuo.

Mwaka jana mwenye banda la nyama hiyo aliniagiza viti kumi na viwili. Kijana wangu akaandika daftarini: "Kitimoto 12, Jumamosi". Akaja alhaji mmoja kumalizia hela ya kitanda chake, akalifungua daftari kutafuta jina lake. Nilimwona anarudi nyuma hatua mbili, kanzu kaishika mkononi. Ilibidi nimtolee kiti kimoja nje, bado hakijapigwa msasa, akigonge kwa kidole mwenyewe.