Mama wa Makorora: kuchoka si kukosa imani

Marahaba, mwanangu. Barua yako tumeisoma. Kwa wasomaji wengine: mwenzetu huyu anaishi Makorora, Tanga, na ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo na kifafa. Mtoto hakai bila kuegemezwa, hasemi, na chakula humpalia karibu kila mlo. Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi cha maombi alimwambia aache vidonge vya mtoto ili aoneshe imani, naye akaacha. Anauliza amemkosea Mungu nini, mbona wenzake wanashangilia kanisani na yeye analia tu. Tena anauliza kama ni vibaya kumwachia mtoto jirani Mwislamu, ilhali kanisa lipo.

Tuanze na vidonge. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ubongo umezoea kutulizwa nayo. Ukiiondoa kwa mkupuo, kifafa hurudi kwa nguvu, na mara nyingine hufululiza bila mtoto kuzinduka. Hicho huua. Usingoje siku ya kliniki. Leo hii mpeleke hospitali ya Bombo, chukua paketi ya dawa na daftari lake, sema wazi aliacha tangu lini. Usimrudishie dozi mwenyewe wala kufidia zilizorukwa. Omba apimwe uzito pia, kwa sababu dozi ya mtoto hufuata kilo zake. Akikua na dozi ikabaki ileile, kifafa hurudi na watu husema dawa haifai.

Kikimshika nyumbani, kwanza tazama saa. Mlaze ubavu, mlegeze nguo shingoni, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, ita bajaji mwende hospitali. Maombi mtafanya njiani.

Na dhambi unayoitafuta? Wanafunzi waliuliza swali hilohilo kuhusu yule kipofu wa kuzaliwa, na Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Jibu limeshatolewa, usilifungulie kesi upya. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo: mtoto kukosa hewa, manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa njiti. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Aliyekushauri msamehe, ila udaktari usimpe. Paulo mwenyewe alikuwa na Luka, "yule tabibu mpendwa", na hakuna aliyemwambia imani yake ni haba.

Sasa chakula, maana hapo ndipo tunapoona siku yako inapoishia. Umeandika kwamba unamlisha amelala mapajani, kichwa kimeangalia juu, na uji ni mwepesi "ili uteleze". Mambo hayo mawili ndiyo yanayompalia. Kichwa kikienda nyuma, njia ya hewa hubaki wazi na uji huingia humo. Uji mwepesi hukimbia kabla hajajiandaa kumeza. Ndiyo maana anakohoa, macho yanalenga machozi, na kifua hakiishi. Mkalishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo ziguse kitu, kidevu kiiname kidogo. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Uji uwe mzito wa kushika kijiko, uutie tui zito au karanga zilizosagwa laini ili kidogo kishibishe. Tumia kijiko kidogo bapa, kikandamize kidogo ulimi kwa mbele, ngoja afunge midomo, kisha kitoe moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu. Akimeza ndipo kijiko kingine. Mlo usizidi nusu saa. Ni heri milo midogo mitano kuliko vita viwili. Akimaliza, abaki wima nusu saa nyingine. Ukiona bado anapaliwa, mwulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuangalie ukimlisha.

Mwishoni mwa barua uliandika, kama jambo lisilo na maana, kwamba mtoto hucheka baiskeli ikipiga kengele barabarani. Mwanangu, hiyo ndiyo sentensi tuliyoirudia. Nunua kengele, mwambie fundi aifunge kwenye kiti chake, upande wa mkono unaomtii. Mwite, kisha nyamaza uhesabu mpaka kumi; mwili wake huchelewa kutii, na wengi huwasaidia watoto hawa kabla hawajapata nafasi. Akiigusa, mshangilie. Ni mazoezi ya mkono, ni mazungumzo, na ni furaha, hata kama haifanani na ile ya kwaya.

Kanisani kaa mbali na spika, karibu na mlango. Sauti ya ghafla humkakamaza mwili, hana utundu wala pepo. Ukilia katikati ya pambio, lia. Zaburi ya 13 huanza na "hata lini" na bado ni wimbo wa ibada. Ila machozi mengine ni ya usingizi tu. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Kwa hiyo jumuiyani usiseme "mniombee" peke yake. Sema: "Naomba akina mama wawili, Jumamosi, saa nne hadi saa sita." Jumamosi mbili za kwanza lala chumbani huku wakijifunza kumtunza, ya tatu toka, hata Raskazone ukatazame bahari.

Kuhusu jirani, hakuna ubaya wowote. Kwenye mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi walipita kando; aliyesaidia ni Msamaria, mtu wa nje. Unachopaswa kuhakikisha ni kwamba naye anajua kumkalisha na kumlaza ubavu. Andika zile hatua za kifafa kwa herufi kubwa, pamoja na namba yako na ya dereva wa bajaji, karatasi mbili: moja ukutani kwako, nyingine kwake.