Wachina niliokaa nao waliipokeaje San Ti ya Netflix

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli Wachina waliichukia tamthilia ya Netflix ya 3 Body Problem, hadithi ambayo kwa Kichina inaitwa San Ti, kwa sababu inaanza na mauaji ya wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile miaka ya vurugu za kisiasa chini ya Mao. La pili, mtu ambaye hajasoma kitabu aanzie wapi. Wengi waliokujibu wanasema serikali ya China ndiyo iliyowatuma watu wake waiponde. Mimi wiki ile nilikuwa Chengdu, nasoma shahada ya uzamili, nashinda maabara moja na Wachina sita ambao wote walikuwa wamekisoma kitabu. Nitaeleza nilichokiona na kukisikia. Ni maelezo marefu na yanafichua kisa, kwa hiyo kama hujatazama, shuka hadi aya mbili za mwisho.

Kwanza uelewe kitabu hiki, kinachohusu viumbe wa dunia yenye jua tatu wanaokuja kuiteka dunia yetu, ni nini kwao. Liu Cixin alikuwa injinia wa kituo cha umeme cha Niangziguan, mkoani Shanxi, akiandika huku akifanya kazi yake. San Ti ilianza kutoka kwa mfululizo mwaka 2006 katika jarida la Kehuan Shijie, ambalo makao yake yako hapo hapo Chengdu, kisha ikawa kitabu mwaka 2008. Mwaka 2015, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu, ilipata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, ya riwaya bora, na hakuna mwandishi wa Asia aliyekuwa amewahi kuipata. Oktoba 2023 mkutano wa dunia wa hadithi za kisayansi ulifanyika China kwa mara ya kwanza, tena Chengdu, katika jumba jipya lililojengwa kando ya ziwa. Tulikwenda kulitazama na wenzangu wa maabara, na niliona watu wazima wameshika nakala zao zilizochakaa kama mtu aliyeshika msahafu wake. Mgeni akikigusa kitabu hicho, amegusa kitu cha nyumbani kwa watu.

Sasa kuhusu hayo Mapinduzi ya Utamaduni. Mimi nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza kabla sijafika China. Siku moja, katika mazungumzo tu, nikasema napenda kitabu kinavyoanza, yule profesa wa fizikia anavyopigwa hadi kufa mbele ya umati mwaka 1967 huku binti yake Ye Wenjie anatazama. Mwenzangu wa meza ya pili akanikatalia. Kitabu kinaanza na Wang Miao kujiwa nyumbani na polisi na wanajeshi, akasema. Tukabishana mpaka akaleta nakala yake, na kweli ilianza hivyo. Kumbe katika toleo la kitabu la China sura za mwaka 1967 zilisogezwa katikati, kwa hofu kwamba zikikaa mwanzoni zitaleta shida na wakaguzi wa serikali. Ken Liu alipotafsiri alizirudisha mbele, kwa ridhaa ya mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo anayesema Netflix waliibuni ile picha ya kwanza ili kuitukana China anakosea. Imo kitabuni, na kila Mchina aliyekisoma anaijua. Tofauti ni kwamba msomaji wa Kichina anakutana nayo akiwa tayari ameshazama katika Beijing ya leo, kati ya watu wa leo. Hilo la mpangilio nimelitaja kwa sababu nitalirudia.

Tamthilia ilitoka tarehe 21 Machi 2024, vipande vyote 8 kwa mpigo. Netflix haipatikani China, lakini halikuwa tatizo kubwa. Wengine walipita kwa VPN, wengine walingoja nakala za wizi zenye maandishi ya Kichina chini ya picha, na jioni ya siku ya pili flashi ilikuwa mezani kwetu. Siku hiyo hiyo, tarehe 22, mahakama ya Shanghai ilimhukumu kifo Xu Yao, aliyemuua kwa sumu Lin Qi, mwenyekiti wa kampuni ya Yoozoo iliyokuwa na haki za hadithi hii. Lin Qi alifariki siku ya Krismasi 2020, na jina lake limo katika orodha ya watayarishaji wa tamthilia yenyewe. Simu za watu zilijaa habari hizo mbili kwa pamoja, na mtu akikuambia leo kwamba "Wachina walikuwa na hasira wiki ile", inabidi umuulize hasira ya lipi.

Tulitazama maabara, usiku, watu tisa. Nilijiandaa kwa ukimya au kelele katika ile picha ya kwanza. Hawakupiga kelele. Mmoja alisema waigizaji wamefanya kazi, mwingine akasema yule binti, Zine Tseng, ndiye Ye Wenjie aliyemwona kichwani tangu akiwa sekondari. Kelele zilianza hadithi ilipohamia London.

Wang Miao hayupo. Profesa wa Beijing ambaye ndiye macho ya msomaji katika kitabu chote cha kwanza amepasuliwa, vipande vyake wamegawiwa vijana watano waliosoma pamoja Oxford. Utaalamu wake wa nyuzi za nano, nyembamba mno lakini zinakata hata chuma, kapewa mmoja, na mchezo wa kompyuta wa San Ti, unaomwingiza mchezaji katika dunia ya viumbe wale, kapewa mwingine. Rafiki zangu hawakuweza kulimeza hilo. Kitabuni mzigo wa dunia umebebwa na watu wasiojuana, wametawanyika, kila mmoja na upweke wake. Hapa wanafahamiana wote tangu chuo, wanakunywa baa moja. Mwenzangu akauliza, dunia ina watu bilioni nane, wanaoijua siri ni marafiki watano?

Kisha ikaja kompyuta ya binadamu. Kitabuni, ndani ya mchezo, mfalme Qin Shi Huang anawapanga uwandani askari milioni 30. Kila mmoja ana bendera nyeusi na nyeupe, wanainua na kushusha kwa amri, na jeshi zima linakuwa kompyuta moja inayokokotoa mwendo wa jua tatu. Mchina akisoma hapo hahitaji kuelezwa. Huyo ndiye aliyeiunganisha China, ndiye aliyezikwa na jeshi la udongo karibu na Xi'an, na amri ya namna hiyo inamfaa yeye hasa. Netflix wamempa kazi hiyo Kublai Khan. Pale maabara mtu aliisimamisha picha. Kwa mtazamaji wa nje ni mfalme mmoja wa Mashariki badala ya mwingine, lakini kwao ni mshindi aliyewateka kutoka nje, na ndiye ambaye Wazungu walimjua kupitia Marco Polo. Niliona hapo kwamba mchaguzi alimchagua mfalme anayemfahamu yeye, na wenye hadithi hawakuulizwa.

Lililoniuma mimi mwenyewe zaidi ni nzige. Kuelekea mwisho wa kitabu wanasayansi wamekata tamaa kabisa. Viumbe wa San Ti wamewatumia ujumbe kwamba ninyi ni wadudu. Da Shi, askari polisi mvuta sigara asiye na usomi wowote, anawapakia Wang Miao na mwanafizikia Ding Yi garini, anawapeleka kijijini kwao, anawashusha shambani palipovamiwa na nzige. Anawauliza pengo lipi ni kubwa zaidi, kati ya binadamu na San Ti, au kati ya nzige na binadamu. Watu wamewamwagia sumu nzige, wamewachoma, wamewatafutia kila dawa, na nzige bado wapo. Tulipotazama toleo la Tencent, tamthilia ya Kichina ya kitabu hicho hicho, mwaka mmoja kabla, tulikuwa na kijana wa Kenya, mtu wa Isiolo. Aliwasimulia nzige wa mwaka 2020, anga lilivyofunikwa, watu wakapiga masufuria na madebe kutwa nzima. Wachina waliacha kula wakamsikiliza. Katika toleo la Netflix mahali ni Marekani na wadudu ni nyenze, wanaolia tu mitini bila kumla mtu shamba lake. Benedict Wong anaigiza Da Shi vizuri sana, wote pale tulimkubali, lakini wamemnyang'anya kijiji. Hekima ile ni ya mtoto wa mkulima. Ukimwondolea mkulima, yanabaki maneno ya kutia moyo.

Ndiyo maana mmoja wao aliilinganisha na kuku wa Jenerali Tso. Ni chakula maarufu katika migahawa ya Kichina ya Marekani, kitamu chenye sukari, chenye jina la jenerali wa Hunan, na ukienda Hunan kuwauliza watu wa kawaida hawakijui. Alisema hana ugomvi na wanaokipenda, ila asiambiwe kwamba ndicho chakula cha kwao.

Nikapeleka swali lako kwa mtu mzima, bila kukusudia. Wiki mbili baadaye ilikuwa Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi, na mwenzangu mmoja alinichukua kwao upande wa Mianyang. Babu yake ninamwita "Yeye", yaani babu kwa Kichina, kama wanavyomwita wajukuu wake. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Hakuwahi kuniambia alifanya nini miaka ile, na mimi si wa kumuuliza. Usiku mjukuu akamwekea kipande cha kwanza kwenye kompyuta. Mzee alitazama hadi profesa alipoanguka, akaomba irudishwe nyuma. Mara ya pili niliona macho yake hayapo jukwaani. Alikuwa anautazama umati, safu baada ya safu. Akasema, watu walikuwa wengi namna hiyo, ndiyo. Hakusema kwamba ni uongo, hakusema kwamba ni matusi. Picha ikaendelea, ikafika Uingereza, magari, maabara, vijana. Baada ya kitambo akamuuliza mjukuu wake, "Sisi tunarudi saa ngapi?" Mjukuu akamjibu kwamba China itarudi, lakini ya zamani, ya kambi ya kijeshi alikopelekwa Ye Wenjie. Mzee akasema basi, akaenda kulala.

Hapo ndipo nilipoelewa malalamiko ya pale maabara. Katika tamthilia ile China ni mwaka 1967 na kambi ya miaka iliyofuata. China ya leo, yenye wanasayansi, polisi, foleni na wakulima, ambayo kitabuni ndiyo inayopambana, karibu yote imehamishiwa kwa wengine. Kosa la Ye Wenjie, la kuwaita viumbe wale waje, limebaki kuwa la Mchina, jibu limekuwa la Oxford. Mtu anaweza kuikubali ile picha ya kwanza kwa moyo wote na bado akaumia kwa hilo, na wengi niliokaa nao walikuwa hivyo. Wapo pia waliokasirikia picha yenyewe, sikatai. Wanasema wageni wanapenda kututazama tukiwa katika ubaya wetu tu. Na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba wanashukuru imeonyeshwa, kwa sababu toleo la nyumbani liliipita pembeni. Sikuona hata mmoja aliyengoja kuelekezwa cha kusema.

Na usidhani wanawapendelea wa kwao. Katuni ya San Ti ya Bilibili, mtandao wa video wa China, ya Desemba 2022 waliirarua vibaya kuliko walivyoirarua Netflix. Ilhali toleo ambalo shabiki alianza kulitengeneza ndani ya mchezo wa Minecraft, lenye sura za mraba, wanalizungumzia hadi leo kwa mapenzi makubwa. Wanaitetea hadithi dhidi ya yeyote anayeiharibu.

Wewe uanzie wapi? Anza na toleo la Tencent la Januari 2023, vipande 30, Tencent wenyewe wameliweka YouTube likiwa na tafsiri ya Kiingereza. Linakwenda polepole, karibu ukurasa kwa ukurasa, na kuna mwandishi wa habari, Mu Xing, waliyemwongeza ambaye ningependa wangemwacha. Vumilia. Yu Hewei katika nafasi ya Da Shi atakulipa subira yako, na meli inapokatwa na nyuzi za nano kwenye mfereji wa Panama utasimama. Kisha tazama Netflix, kwanza kwa ajili ya ile picha ya mwaka 1967 ambayo Tencent hawakukupa, na kwa ajili ya Zine Tseng.

Kama Kiingereza hakikusumbui, soma kitabu katikati ya hizo mbili, tafsiri ya Ken Liu. Na ukifika kwa nzige katika toleo la Tencent, kuelekea mwisho kabisa, nitag hapa uniambie.