Fundi, oili inadondoka nyuma ya injini, nishushe gia boksi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Gari yangu ni ya zamani kidogo, ina miaka 20 hivi, ya petroli. Asubuhi nakuta matone matatu manne ya oili chini, pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi wangu kasema ni sili ya krenki ya nyuma (ule mpira unaozuia oili pale shafti ya injini inapotokea kwenda gia boksi), lazima gia boksi ishuke. Pia nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya kuungua. Nikubali?

JIBU: Usikubali kwanza ndugu yangu, hiyo harufu ndo imenishtua. Oili ya sili ya krenki iko chini, mara nyingi inadondoka tu. Oili inayonuka ukiwa umesimama kwa kawaida imetoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini), inachuruzikia kwenye eksozi inaungua, nyingine inapita kona ya nyuma ya injini inashuka taratibu mpaka kwenye maungio ya gia boksi inaning'inia pale, sasa mtu akilala chini na tochi anaona palipolowa anasema sili. Mimi mwenyewe niliwahi kushusha gia boksi ya mteja nikakuta sili kavu kabisa, ina vumbi juu yake. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sifungui kitu kabla sijaosha.

Anza na tone lenyewe, lipokee kwenye karatasi nyeupe. Kahawia au nyeusi mara nyingi ni ya injini, nyekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki na hapo habari inabadilika.

Halafu osha. Injini iwe baridi, funika alteneta na waya kwa nailoni, pulizia dawa ya kusafishia injini, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo na uache ikauke. Endesha kama km 20 kisha mulika, na usitafute palipolowa sana, tafuta palipolowa JUU kuliko kote. Pitisha kidole nyuma ya tapeti kava, ule upande usiouona, kikirudi na oili mbichi umeshapata jibu. Angalia na swichi ya oili presha, nayo ikichoka inavuja.

Kabla ya kufunga gasketi mpya chomoa vali ya PCV (ile inayotoa mvuke na presha ndani ya injini) uitikise, nzima huwa inagonga gonga, ikiwa kimya imeganda, na ikiganda presha inajaa ndani ya injini inasukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya. Gasketi ya zamani itoe yote, futa pande zote mbili mpaka zikauke. Silikoni weka tone tu kwenye kona pale vyuma viwili vinapoungana, wanaopaka kava zima wanakosea sana, ile inayobanwa kuingia ndani inakatika na inaweza kuziba chujio la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bolti ni ndogo, anza katikati kwenda nje kwa raundi mbili tatu, gari nyingi hazizidi Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) lakini fuata kitabu cha gari yako. Ukikaza kwa hasira kava linapinda.

Kwa sasa pima oili kwa stiki kila ukijaza mafuta, kwenye gari nyingi kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita 1.

Ukishaosha ukakuta juu kukavu na chini tu ndo kunalowa, basi fundi wako yuko sahihi, mwache ashushe, na kama ni manyuo (gia za mkono) aikague na klachi hapo hapo.