Kabla ya kulaumu tanuru, angalia unga wako

Juzi nilipata ujumbe wa mwanafunzi wa Mbeya: "Shikamoo dada. Sampuli yangu ya sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni imetoka dhaifu. Niongeze joto la tanuru?" Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze. Rudi kwenye unga wa awali.

Swali hili linanigusa. Nilipokuwa nasoma, mkubwa mmoja wa maabara alisimama mezani kwangu mbele ya wenzangu akasema mimi napika uji wakati wengine wanatengeneza sumaku. Mpaka leo inaniuma. "Uji" wenyewe ulikuwa jeli: nitreti za neodimiamu na chuma, asidi ya boriki, asidi ya sitriki na ethilini glaikoli. Humo elementi huchanganyika zikiwa bado zimeyeyuka, kwa hiyo ukikausha na kuchoma unapata oksidi zenye punje ndogo, zilizochanganyika vizuri. Ukisaga tu oksidi za dukani, chuma kitajikusanya mahali.

Na chuma kikijikusanya umekwisha. Katika sumaku za nanokompoziti, yaani mchanganyiko wa punje ndogo mno za aina mbili, Nd2Fe14B (kampaundi ya neodimiamu, chuma na boroni) iliyo ngumu, yaani usumaku wake haugeuzwi kirahisi, hukaa bega kwa bega na chuma, chenye usumaku mwingi lakini ambao mwelekeo wake hugeuzwa kirahisi. Punje ya chuma ikiwa ya nanomita 10 hivi, jirani yake mgumu huishikilia. Ikinenepa hugeuka peke yake. Wanasayansi Kneller na Hawig walilieleza hili mwaka 1991. Joto la ziada litainenepesha zaidi.

Baada ya kuondoa oksijeni kwenye oksidi kwa haidraidi ya kalsiamu, kuwa mwangalifu unapoosha mabaki ya kalsiamu. Maji yakikutana na mabaki hayo huzalisha haidrojeni, nayo huingia ndani ya Nd2Fe14B na kuidhoofisha.

Mwezi huu makala yangu kuhusu jeli ileile imekubaliwa kuchapishwa. Nimefurahi, sifichi! Vijana wa Nyanda za Juu Kusini, eneo la madini la Ngualla liko hapo Songwe, lina neodimiamu na praseodimiamu, metali nyingine ya sumaku. Tusiishie kushangilia malori ya mawe. Tujifunze kuandaa unga, kwa subira, hata tukichekwa. Heshimuni hatua ya kwanza. Narudia: hatua ya kwanza!

Nawe mdogo wangu, piga eksirei oksidi zako kabla ya kuzichanganya na haidraidi, unitumie grafu. Ukiona vilele vya oksidi ya chuma kwenye grafu ni vyembamba na virefu, punje zimeshakuwa kubwa. Anza jeli upya.