Korodani moja haikushuka: je, nitapata mtoto?

SWALI: Asalaam aleikum daktari, na shikamoo. Nina miaka 31, nachoma mikate ya ajemi Ngamiani, hapa Tanga. Huu ni mwaka wa pili tangu nioe na bado hatujajaliwa. Toka utotoni nina korodani moja tu mfukoni, ya kushoto. Ya kulia haijawahi kuonekana. Marehemu bibi alikuwa akisema itashuka yenyewe nikibalehe. Nimebalehe, ndevu zimeota, chumbani sina tatizo, lakini haikushuka. Jamaa yangu wa jim ananishawishi nichome sindano za homoni ya kiume. Je, hii moja inatosha? Ile ya juu ikishushwa sasa itazalisha? Halafu mtoto wa mdogo wangu, ana miezi 7, naye wamemkuta hivyo hivyo upande mmoja.

JIBU: Waalaikumu salaam, marahaba. Nianze na hiyo sindano, maana ndiyo inayoweza kukuharibia wiki hii hii. Usichome. Homoni ya kiume ikiingia kwa sindano, tezi iliyo chini ya ubongo huona damu imeshiba, inaacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Misuli itajaa, lakini mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri, na ukiacha sindano huchukua miezi mingi kurudi. Mtu anayetafuta mtoto hachomwi homoni hiyo.

Sasa hizo ndevu. Wengi hudhani mwenye ndevu na nguvu za chumbani lazima awe na mbegu. Korodani ina mafundi wa aina mbili: wanaotengeneza homoni na wanaotengeneza mbegu. Wa homoni wanavumilia joto. Wa mbegu hawavumilii. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sauti nzito na hamu ya kutosha, na maabara isione hata mbegu moja.

Wewe mtu wa joko hili utalielewa upesi. Hamira ukiikoroga kwa maji ya moto, unga hauumuki hata uusubiri mpaka adhana ya alfajiri. Mwili kwa ndani una nyuzi joto 37 hivi, na mfuko wa korodani hukaa chini ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 4. Mishipa inayorudisha damu iliyopoa imeuzungukazunguka mshipa unaoleta damu ya moto, kama mti mtambazi, ili damu ipoe kabla haijafika. Ngozi ya mfuko nayo hujikunja kukiwa na baridi na kulegea kukiwa na joto. Korodani iliyobaki kwenye kinena au tumboni haina msaada wowote kati ya hiyo. Inapikwa usiku na mchana. Mbegu zake huwa chache, zinazembea, vichwa vina kasoro, na vinasaba ndani yake hukatika.

Bibi, Mungu amrehemu, alikosea hapa: madhara hayangoji balehe. Kati ya miezi 3 na 12 ya kuzaliwa, seli changa za mtoto hugeuka kuwa seli mama, akiba ambayo mbegu zote za maisha yake zitatokana nayo. Kwenye korodani isiyoshuka, nyingi hazigeuki, na mwaka wa pili hufa kwa wingi. Kwa hiyo kwa ile ya kulia nikwambie bila kuzunguka: kuishusha leo, miaka 31 baadaye, hakutarajiwi kukupa mbegu. Akiba ile karibu yote haipo tena.

Habari njema iko kushoto. Korodani moja nzima kwa kawaida inatosha. Wanaume waliofanyiwa upasuaji utotoni kwa korodani ya upande mmoja wamefuatiliwa ukubwani, na takriban 9 kati ya 10 waliotafuta mtoto walipata, karibu sawa na wanaume wengine. Waliokuwa na tatizo pande zote mbili ni kama 6 au 7 kati ya 10. Wewe hukufanyiwa, lakini hesabu yako kubwa inategemea hii ya kushoto. Wakati mwingine nayo huwa na kasoro iliyozaliwa nayo, kwa hiyo tusikisie, tupime.

Kipimo ni cha manii. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7, si chini wala zaidi. Toa kwa mkono, bila mate, mafuta wala sabuni, ndani ya chupa uliyopewa na maabara. Usitumie kondomu ya dukani, mpira na vilainishi vyake vinaweza kudhoofisha mbegu. Kama unatolea nyumbani, ifike ndani ya saa moja, na uibebe ndani ya shati karibu na ngozi. Usiiweke kwenye barafu kama samaki wa soko la Deep Sea. Kiwango cha chini kinachotumika sasa ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja, na angalau asilimia 42 ziwe zinatikisika. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kukuhukumu. Mbegu moja huchukua siku 70 na kitu kutengenezwa, kwa hiyo kama mwezi uliopita ulilala na homa kali ya malaria, majibu yatashuka bila kosa la korodani. Rudia baada ya miezi 3.

Na mkeo apimwe wakati huo huo. Nimechoka kuona mwanamke akizungushwa kwa waganga miaka mitatu huku mume hajawahi kushika chupa, na safari hii sitaki tugeuze, wewe ubebe lawama kwa sababu ya korodani moja na kumbe mirija yake imeziba.

Kuhusu joko: joto la nje nalo linashusha mbegu. Huwezi kuacha kazi, najua. Sogea pembeni mikate ikiwa ndani, acha bukta za kubana, na nyumbani vaa msuli wako.

Ile ya kulia usiisahau hata kama haizalishi. Korodani isiyoshuka ina hatari kubwa zaidi ya saratani kuliko ya kawaida, na ikiwa tumboni huwezi kupapasa uvimbe ukianza. Nenda hospitali ya mkoa ya Bombo, uonane na daktari wa upasuaji, wapige altrasaundi kuitafuta. Kwa mtu mzima ambaye ya pili ni nzima, mara nyingi tunashauri itolewe. Ya kushoto ipapase mara moja kwa mwezi ukioga. Ukikuta kigumu kama kokoto, hata kama hakiumi, njoo. Hili si busha. Busha tunalijua wote hapa Tanga, ni maji yanayozunguka korodani.

Sasa huyo mtoto, ambaye ndiye bado ana muda. Kati ya watoto wa kiume waliozaliwa kwa miezi kamili, 2 hadi 4 katika 100 huzaliwa hivyo, na wengi hushuka katika miezi ya mwanzo. Baada ya miezi 6 ni nadra. Kwanza mdogo wako ahakikishe si ile inayopanda na kushuka. Baada ya kumwogesha maji ya vuguvugu, mikono iwe na joto, amlaze chali miguu ikiwa imekunjwa na magoti wazi. Vidole vya mkono mmoja viteleze taratibu kutoka kwenye mfupa wa nyonga kushuka kwenye kinena, mkono wa pili usubiri chini. Kitu laini kama punje ya haragwe kikishuka na kubaki mfukoni baada ya kuachiwa, hiyo ni korodani yenye woga tu wa baridi, itachunguzwa kliniki kila mwaka. Kikirudi juu mara moja, au kisipopatikana kabisa, ampeleke hospitali mwezi huu. Kumkanda kwa mafuta ya nyonyo hakusaidii.

Upasuaji wenyewe hufanyika vizuri zaidi kati ya miezi 6 na 18. Kadi ya kliniki itamkumbusha: chanjo ya kwanza ya surua ni miezi 9, ya pili ni 18. Ikifika ya pili, awe ameshashonwa na amepona. Mara nyingi kuna njia ya ngiri imebaki wazi pale pale, nayo hufungwa siku hiyo hiyo. Na kama mlikuwa mnapanga tohara yake, mwambieni daktari mapema, huenda akaviunganisha vyote kwenye usingizi mmoja.